Viza ya Kanada kwa mwanafunzi aliyeko Marekani: anza na njia ya kurudi

Likizo ya Desemba au ya Machi ikikaribia, swali hili huzuka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wetu walioko Marekani. Dada yuko Toronto, shangazi yuko Ottawa, rafiki wa sekondari anaoa Montréal, au profesa anataka mtu akawasilishe utafiti Vancouver. Je, naweza kuvuka? Unaweza, na kwa mwanafunzi ambaye karatasi zake ziko sawa si jambo la kutisha. Shida ni kwamba majibu mengi huanzia katikati: jaza fomu, lipa ada, subiri. Mimi nataka uanzie mwisho. Ukinyimwa viza ya Kanada utaumia na pesa itakuwa imekwenda, ila darasani utaingia kama kawaida. Kukwama upande wa pili wa mpaka huku muhula umeanza Ohio au Texas ndiko kunakoharibu miaka ya jasho, yako na ya wazazi wako.

Nawaandikia wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo (DRC) wanaosoma Marekani kwa hadhi ya F-1, yaani ya mwanafunzi. Wenye J-1, hadhi ya programu za kubadilishana, watakuta mengi yanafanana, isipokuwa karatasi yao ni DS-2019 badala ya I-20, ile fomu ya chuo inayothibitisha hadhi ya mwanafunzi. Raia wa nchi zote hizo sita wanahitaji viza kuingia Kanada kama wageni, hata wakiwa na viza ya Marekani iliyo hai. Utasikia watu wakisema viza ya Marekani inatosha. Hilo linawahusu raia wa nchi chache zilizoruhusiwa kutumia kibali cha mtandaoni kiitwacho eTA wanapokwenda kwa ndege. Moroko na Shelisheli zimo, sisi hatumo. Mwenye grini kadi naye ana utaratibu wake na hahitaji viza.

Hatua ya 1: Hakikisha utarudi

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya Kanada, weka mezani pasipoti, I-20 na nakala ya I-94 (rekodi ya kuingia kwako Marekani) uliyoitoa kwenye tovuti ya CBP, idara ya forodha na mpaka ya Marekani, kisha soma tarehe moja moja.

Anza na viza ya F-1 iliyobandikwa kwenye pasipoti. Angalia mambo mawili: tarehe ya mwisho, na idadi ya kuingia inayoruhusiwa. Herufi M maana yake unaweza kuingia mara nyingi. Ukikuta namba 1, na ulishaitumia ulipokuja kuanza masomo, usijihesabu kuwa una viza hai hata kama tarehe haijafika.

Kisha I-20. Ukurasa wa pili una sehemu ya sahihi ya safari, inayowekwa na afisa wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako. Siku unayorudi Marekani sahihi hiyo iwe na umri usiozidi miezi 12. Aliye kwenye OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi inayohusu masomo yake, ahesabu miezi sita. Usisubiri wiki ya mwisho ya muhula, maana kila mtu hukimbilia ofisi hiyo wakati huohuo. Ukifika mpakani bila sahihi halali, afisa akikuonea huruma atakupa fomu I-515A yenye siku 30 za kurekebisha mambo. Asipokuonea, unarudishwa.

Pasipoti nayo iwe na angalau miezi sita mbele ya siku ya kurudi. Kuna sababu ya pili ya kuiangalia sasa: viza ya Kanada haiwezi kuishi zaidi ya pasipoti iliyobandikwa. Kama yako inakwisha karibuni, shughulikia kwanza pasipoti mpya kupitia ubalozi wenu ulioko Washington, ndipo uombe viza. Ile ya zamani usiitupe. Mihuri yake ni ushahidi kwamba umesafiri na ukarudi, na viza ya Marekani iliyo hai ndani ya pasipoti ya zamani bado inatumika ukiibeba pamoja na mpya.

Je, kama viza ya F-1 imeshakwisha muda? Hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu. Sheria ya Marekani, kifungu 22 CFR 41.112(d), inamruhusu mwanafunzi aliyekwenda Kanada au Mexico kwa siku zisizozidi 30 kurudi kwa viza iliyokwisha, mradi hadhi yake haijavunjika, I-94 yake ni halali, I-20 ina sahihi, na anabeba pasipoti yenye ile viza ya zamani. Masharti yake ni makali. La kwanza, ukiomba viza mpya ya Marekani ukiwa huko Kanada, umejifungia njia hii: utasubiri viza hiyo itoke, na isipotoka, huwezi kurudi. La pili, wafanyakazi wa mashirika ya ndege na mabasi wengi hawaijui sheria hii, kwa hiyo ichapishe na uitembeze pamoja na tiketi.

Na hapa naomba usikilize kwa makini. Tangu Juni 2025 yametolewa matangazo ya Rais wa Marekani yanayozuia viza kwa raia wa nchi kadhaa. Burundi iliingia kwenye tangazo la Juni 2025, na Tanzania ikaongezwa kwa tangazo la Desemba 2025. Aliye na viza iliyo hai hakuguswa. Lakini kama unatoka katika nchi hizo na viza yako imekwisha, ushauri wangu ni kwamba usivuke mpaka hadi upate jibu la maandishi kutoka ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na ikiwezekana la mwanasheria wa uhamiaji. Vyuo vingi vina msaada wa kisheria wa bure kwa wanafunzi. Harusi ya rafiki inaweza kutazamwa kwenye simu.

Hatua ya 2: Jua afisa anatafuta nini

Afisa atakayefungua ombi lako hatakuona. Hakuna usaili kwa wengi wetu. Kuna faili tu. Kanuni za uhamiaji za Kanada, kifungu 179, zinamtaka aridhike kwamba utaondoka muda wako ukiisha. Swali lake ni hilo, na kila karatasi unayoweka inalijibu au inalichafua.

Mwanafunzi aliyeko Marekani ana jambo moja ambalo mwombaji wa kutoka nyumbani hana: ana mahali pa kurudi penye tarehe. Muhula unaanza siku fulani, umeshasajiliwa masomo fulani, umeshalipiwa ada, una mkataba wa nyumba unaoisha Agosti. Lakini afisa anajua pia kwamba masomo yana mwisho. Aliyebakiza mwezi mmoja kuhitimu, hana kazi aliyoahidiwa wala OPT iliyoidhinishwa, ana faili dhaifu zaidi kuliko wa mwaka wa kwanza, hata kama anafaulu vizuri. Kama uko katika hali hiyo, onyesha kinachofuata: OPT iliyokubaliwa, barua ya kujiunga na shahada ya uzamivu, au mwajiri wa nyumbani anayekusubiri.

Chagua sababu moja ya safari na uishikilie. Nimesoma barua za wenzetu zinazosema wanakwenda kumsalimia dada, kuona maporomoko ya Niagara, kuhudhuria kongamano na kuangalia vyuo vya kusoma baadaye. Hiyo ya mwisho peke yake inatosha kumfanya afisa ajiulize kama unakuja kutembea au kuhamia.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi

Utahitaji nakala ya ukurasa wa taarifa wa pasipoti na kurasa zote zenye viza na mihuri, I-20 zote kurasa kamili, I-94, picha ya 35 kwa 45 mm, barua ya chuo inayothibitisha kwamba umesajiliwa, na rekodi ya matokeo. Kwa chuo, barua ya usajili hutolewa na ofisi ya msajili, mara nyingi mtandaoni na bila malipo. Omba ile inayotaja tarehe ya kuanza kwa muhula ujao. Mambo mawili yanahitaji muda zaidi: pesa na barua.

Kuhusu pesa, Kanada haijataja kiasi maalumu kwa mgeni wa kawaida. Kinachopimwa ni kama kiasi ulichonacho kinaendana na safari uliyoieleza. Siku kumi kwa dada yako anayekupa chumba na chakula si sawa na siku kumi hotelini Vancouver. Weka stetimenti za benki za miezi minne hadi sita, zile rasmi zenye jina lako na la benki, si picha ya skrini ya simu. Kama unalipwa na idara kwa kufundisha au utafiti, barua ya idara inayotaja kiasi kwa mwezi ina uzito kuliko salio kubwa lisilo na maelezo.

Na salio kubwa lisilo na maelezo ndilo ugonjwa wetu. Akaunti imekaa na dola 400 miezi mitatu, kisha wiki moja kabla ya ombi zinaingia dola 5,000. Afisa anaona pesa ya kukopeshwa ili ionekane. Kama baba ametuma kweli, sema hivyo: weka barua yake, uthibitisho wa uhamisho, na stetimenti yake inayoonyesha zilikotoka. Kama ameuza kiwanja, weka mkataba wa mauziano. Karatasi iliyo kwa Kiswahili lazima itafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, iambatane na kiapo cha mtafsiri na nakala ya ile ya asili. Usiitafsiri mwenyewe, wala usimpe ndugu yako. Wanafamilia hawakubaliki hata kama ni wafasiri kwa kazi.

Barua ya mwaliko iandikwe na mwenyeji wako na iseme mambo ya kawaida tu: jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani na simu, kazi yake, hadhi yake Kanada, undugu wenu, utafika lini, utaondoka lini, utalala wapi, na nani analipa nini. Aambatishe nakala ya kadi ya ukazi wa kudumu au uthibitisho wa uraia. Kama unakwenda kwenye kongamano, omba waandaaji barua rasmi na uwaulize kama tukio limesajiliwa na uhamiaji. Yaliyosajiliwa hupewa namba maalumu ya kuingiza kwenye ombi.

Kisha barua yako mwenyewe ya maelezo. Isizidi ukurasa mmoja. Haihitaji kusifia uzuri wa Kanada wala kueleza ndoto zako tangu utoto. Aya ya kwanza: mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika chuo fulani, naomba kumtembelea dada yangu Toronto kuanzia tarehe 20 Desemba hadi tarehe 2 Januari. Aya ya pili: nitalala kwake, nauli na matumizi nitalipa mwenyewe kutokana na posho yangu ya ufundishaji, tazama stetimenti na barua ya idara. Aya ya tatu: muhula wangu unaanza tarehe 12 Januari, nimesajili masomo haya, I-20 yangu ni hai hadi mwezi fulani, viza yangu ya Marekani ni hai hadi mwezi fulani. Aya ya nne: familia yangu, na ninachotarajia kufanya nikimaliza. Kama kuna kitu kwenye faili kinachohitaji ufafanuzi, kiwe hapo mwishoni. Sahihi, basi.

Hatua ya 4: Jaza fomu

Ombi linafanywa mtandaoni kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji ya Kanada, IRCC. Anwani halisi inaishia na canada.ca au gc.ca. Zipo tovuti nyingi zenye bendera nyekundu na nyeupe zinazokutoza mara mbili kwa kazi ileile, na wapo vishoka wa mitandaoni wanaodai wana mtu ndani. Hakuna mtu ndani. Ukitaka msaada wa kulipia, wanaoruhusiwa kisheria ni mawakili na washauri waliosajiliwa na chombo cha Kanada kiitwacho CICC, na ni lazima wajitaje kwenye ombi lako. Asiyetaka jina lake lionekane, mkimbie.

Kwenye akaunti yako utajibu maswali kisha mfumo ukupe orodha ya karatasi za kupakia. Ukielekezwa kwenye fomu ya PDF, IMM 5257, usishangae inapokataa kufunguka kwenye kivinjari na kukuambia usubiri. Ipakue, uifungue kwa Adobe Reader kwenye kompyuta, si kwenye simu. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kuthibitisha kilichopo kwenye fomu. Ikikubali, itatengeneza ukurasa wenye misimbo ya mistari.

Yapo maswali ambayo watu wetu hujikwaa, na mengi hayaelezwi popote.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti. Sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu, na vyeti vyetu vya shule mara nyingine vina tahajia tofauti: Mohamed huku, Mohammed kule. Fuata pasipoti kwenye fomu, na tofauti uieleze kwa sentensi moja kwenye barua. Mwenye jina moja tu kwenye pasipoti aliweke sehemu ya jina la ukoo, sehemu ya jina la kwanza aiache wazi.

Fomu inauliza hadhi yako katika nchi unakoombea, tangu lini hadi lini. I-94 ya mwanafunzi haina tarehe ya mwisho. Ina herufi D/S, yaani muda wote hadhi yako ikiwa hai. Andika tarehe ya kumaliza programu iliyo kwenye I-20.

Historia ya kazi na shughuli zako isiwe na mapengo. Ile miezi ya kusubiri matokeo ya kidato cha sita, au mwaka uliokaa nyumbani ukisaidia duka la mama, iandikwe hivyohivyo. Pengo tupu linazua maswali kuliko neno nyumbani.

Wenzangu wa Tanzania waliopitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria: kuna swali kama umewahi kutumikia jeshi, mgambo, kikosi cha ulinzi wa raia au chombo cha usalama, na linajumuisha huduma ya taifa. Jibu ndiyo. Taja kambi, tarehe, na ueleze kuwa ni mafunzo ya vijana waliomaliza kidato cha sita. Jibu hilo halikuharibii, ila linaweza kuongeza siku za kusubiri.

Fomu ya familia inataka wazazi na ndugu wa baba au mama mmoja nawe, wakiwemo wa mama mwingine. Binamu hawahusiki. Waliofariki wanaandikwa pia, pamoja na mwaka na mahali walipofia. Kama tarehe ya kuzaliwa ya mama haijulikani vizuri, usibuni. Eleza kwenye barua. Na dada aliyeko Toronto usimfiche kwa kudhani afisa atafikiri unakwenda kukaa kwake moja kwa moja. Jina lake liko kwenye kumbukumbu zao, na huenda alikutaja yeye kwanza alipokuwa anaomba.

La mwisho ndilo zito. Umewahi kunyimwa viza au kuzuiwa kuingia nchi yoyote? Kama ubalozi wa Marekani ulikukataa mara ya kwanza kabla ya kukupa F-1, jibu ni ndiyo, hata kama baadaye ulikubaliwa. Marekani na Kanada zinabadilishana taarifa za uhamiaji. Ukidanganya na ikabainika, kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji ya Kanada kinakufungia nje kwa miaka mitano. Kukataliwa kulikoelezwa vizuri si doa kubwa.

Hatua ya 5: Lipa, kisha alama za vidole

Ada ni dola 100 za Kanada, na alama za vidole ni dola 85, jumla 185. Lipa zote mbili kwa wakati mmoja, kwa kadi, ndani ya akaunti hiyohiyo. Huhitaji kuchagua kuingia mara moja au mara nyingi. Kila mwombaji hufikiriwa kwa mara nyingi, na afisa ndiye anayeamua muda.

Baada ya malipo utapata barua ya maelekezo ya alama za vidole, na unapewa siku 30. Kwa aliyeko Marekani hili ni jepesi: vituo vya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, viitwavyo Application Support Center, vilivyotapakaa majimboni, huwapokea waombaji wa Kanada. Huna haja ya kusafiri hadi New York au Los Angeles penye vituo vya VFS, kampuni inayopokea maombi ya viza kwa niaba ya Kanada. Weka miadi, chapisha ile barua, beba pasipoti halisi. Alama hizo hukaa miaka 10, kwa hiyo kama ulishazitoa kwa ombi la zamani, angalia kwanza kabla hujalipa tena.

Usinunue tiketi isiyorudishwa pesa mpaka viza iko mkononi. Muda wa kusubiri hubadilika, na IRCC huutangaza kwenye tovuti yake kulingana na nchi unakoombea. Chagua Marekani, si nchi ya pasipoti yako. Mimi huwaambia wenzangu waombe miezi mitatu kabla. Ikipita bila jibu, usitume maswali kila siku.

Hatua ya 6: Pasipoti

Ukikubaliwa, ujumbe utakaoupata hausemi hongera. Unakuomba upeleke pasipoti. Chapisha barua hiyo na uipeleke pamoja na pasipoti kwenye kituo cha VFS, kwa mkono au kwa posta ya kwenda na kurudi yenye namba ya kufuatilia. Usitume pasipoti kabla ya kuombwa.

Siku ambazo pasipoti haiko nawe, huwezi kutoka nje ya nchi, na hata ndege ya ndani itakuwa taabu kama kitambulisho chako kingine si leseni ya jimbo yenye alama ya REAL ID, inayodaiwa viwanja vya ndege tangu Mei 2025. Piga hesabu hiyo kabla ya kuituma. Weka pia picha safi za kurasa zote.

Ikirudi, soma stika papo hapo: tahajia ya jina, namba ya pasipoti, tarehe ya mwisho. Kosa la herufi moja lirekebishwe ukiwa bado nyumbani.

Ikikataliwa

Barua ya kukataa hutaja sababu kwa maneno ya jumla: hali ya kifedha, madhumuni ya safari, mahusiano na nchi unayoishi. Tangu katikati ya 2025 IRCC imeanza kuambatisha maelezo ya afisa kwenye baadhi ya barua hizo. Kama yako inayo, hiyo ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili. Hakuna muda wa lazima wa kungoja kabla ya kuomba tena, lakini utalipa ada upya, na faili lilelile litapata jibu lilelile. Kama walitilia shaka pesa, leta stetimenti zenye miezi zaidi na asili ya kila kiasi kikubwa. Kama walitilia shaka kurudi, ngoja usajili wa muhula ujao utoke ndipo uombe.

Hatua ya 7: Mpakani

Viza inakufikisha mlangoni. Anayekuruhusu kuingia ni afisa wa CBSA, idara ya mpaka ya Kanada. Beba kwenye begi la mkononi karatasi zilezile ulizopakia: I-20, mwaliko, anwani na simu ya mwenyeji, tiketi ya kurudi, uthibitisho wa usajili. Jibu kwa ufupi na kwa kufuata kilichoandikwa kwenye ombi. Asipokuandikia tarehe, kwa kawaida una ruhusa ya miezi sita, ingawa wewe unarudi baada ya wiki mbili na, kama viza yako ya Marekani imekwisha, hutathubutu kupitisha siku 30.

Walio kaskazini wana njia za ardhini zisizo na gharama kubwa. Daraja la Rainbow kule Niagara linavukika hata kwa miguu, Detroit na Windsor zinaunganishwa na daraja na handaki, na treni ya Amtrak iitwayo Maple Leaf hutoka New York hadi Toronto. Ukikodi gari, uliza kwanza kama linaruhusiwa kuvuka. Uliza pia bima ya afya ya chuo kama inafanya kazi Kanada. Bili za hospitali kwa mgeni ni kubwa.

Bangi ni halali Kanada tangu Oktoba 2018, na baadhi ya wanafunzi hudhani jambo limeishia hapo. Kuivusha mpaka kwa upande wowote ni kosa, na kwa sheria ya shirikisho ya Marekani mgeni anayekiri kuitumia anaweza kuzuiwa kuingia. Kaa nayo mbali kabisa.

Wakati wa kurudi kwa ndege kutoka Toronto Pearson, Montréal-Trudeau au Vancouver, afisa wa Marekani utamkuta hukohuko Kanada kabla ya kupanda ndege. Fika mapema kuliko unavyodhani inahitajika, hasa ukirudi kwa ile sheria ya siku 30, maana kwanza utamweleza mtu wa kaunta ya ndege, kisha afisa. Sema moja kwa moja: ni mwanafunzi wa F-1, nilikuwa Kanada siku kadhaa, hii ni I-20 yangu.

Ukishafika chumbani, ingia tena tovuti ya CBP utazame I-94. Inatakiwa isomeke F1 na D/S. Ikikuandika kama mgeni wa B-2, au ikaweka tarehe ya mwisho, peleka nakala ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kesho yake asubuhi. Watakuelekeza kituo cha CBP kinachorekebisha makosa hayo, na kosa la wiki moja hurekebishika kwa urahisi kuliko lililokaa muhula mzima.